Tarakimu Moja Ndani ya PDF: Uhariri wa Matini na Mikataba ya Madini ya Katanga

Agizo Na. 011/26 la tarehe 20 Mei 2011 liliilazimisha serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kutangaza hadharani kila mkataba unaohusu maliasili katika muda wa siku 60 tangu uanze kutumika, na tokea hapo mikataba ya Gécamines, shirika la madini la serikali lenye makao makuu Lubumbashi, katika eneo la Katanga, huwafikia wasomaji hasa kwa umbo la faili za PDF. Wasomaji wengi huamini kuwa faili ya namna hiyo haiwezi kubadilishwa, nao wanakosea. Matini yake hubadilishwa kila siku, kwa nia njema na kwa nia mbaya, ila kazi hiyo haifanani na uhariri wa kawaida wa kompyuta, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama badiliko litaacha alama.

Muundo wa PDF ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ukawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mwaka 2008. Lengo lake lilikuwa ukurasa uonekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa, na kwa sababu hiyo faili haihifadhi aya wala sentensi, bali huhifadhi maagizo ya kuchora: chukua fonti fulani kwa ukubwa fulani, nenda mahali fulani pa ukurasa, chora maumbo haya. Mara nyingi hata nafasi kati ya maneno mawili si herufi, ni pengo tu lililoachwa kati ya michoro.

Ugumu wa hali hiyo huonekana vizuri katika badiliko dogo. Sheria Na. 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, ilipandisha mrabaha wa shaba, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa serikali kulingana na thamani ya madini anayouza, kutoka asilimia 2 hadi 3,5. Mhariri anayetaka kuweka kiwango kipya katika rasimu ya zamani iliyobaki kama PDF hukutana kwanza na swali la fonti, kwa kuwa faili nyingi hubeba maumbo ya herufi zilizotumika humo peke yake, ili zisiwe nzito. Ikiwa tarakimu 5 haikutumika popote katika fonti hiyo, umbo lake halimo, na programu hulazimika kuazima fonti ya jirani, na jicho lililozoea hutambua mara moja kwamba tarakimu hiyo ni mgeni. Swali la pili ni upana. Alama moja imegeuka kuwa tatu, lakini neno linalofuata limeshapangiwa mahali pake na halisogei lenyewe, hivyo programu ya uhariri hukisia mstari unaanzia na kuishia wapi, kisha huupanga upya, na makisio hayo huharibika upesi katika majedwali na safu mbilimbili. Ndiyo maana njia iliyo bora, ingawa haipendwi na wenye haraka, ni kurudi kwenye hati asilia na kutengeneza PDF nyingine.

Mikataba mingi ya Katanga, hata hivyo, haina hata maagizo hayo ya kuchora herufi. Karatasi iliyotiwa saini na kugongwa mihuri hupitishwa kwenye skana, na kinachoingia katika faili ni picha, maelfu kwa maelfu ya nukta za rangi. Programu ya utambuzi wa herufi huweza kuisoma picha hiyo na kuweka juu yake tabaka la maneno yasiyoonekana, ambalo huwezesha utafutaji na unakili. Hapo ukurasa mmoja huwa na matini mbili: ile inayosomwa kwa macho na ile inayosomwa na mashine. Anayerekebisha tabaka lisiloonekana, tuseme kwa kusahihisha jina la kampuni lililosomwa vibaya, hajaugusa mkataba. Anayebadilisha nukta za picha ameugusa, na kitendo hicho huitwa kughushi.

Kosa linalohusiana na hali hiyo ni kuficha maneno kwa kuchora mstatili mweusi juu yake, kwani maneno hubaki chini yake yakiwa mazima. Mawakili wa Paul Manafort, mshauri wa kisiasa huko Marekani, walifanya hivyo Januari 2019, na waandishi wa habari waliyapata yaliyofichwa kwa kunakili na kubandika tu.

Jambo lenye maana zaidi kwa wasomaji wa mikataba ni jinsi faili inavyohifadhiwa baada ya kuhaririwa. Muundo wa PDF huruhusu maudhui ya kwanza yaachwe kama yalivyo na mabadiliko yaongezwe mwishoni, pamoja na jedwali jipya linaloielekeza programu kwenye toleo la karibuni. Sheria ya mikataba hutumia mantiki iyo hiyo. Mkataba wa Sicomines, uliofungwa mwaka 2008 kati ya upande wa Kongo, Gécamines ikiwemo, na kampuni za China, haukufutwa wala kuandikwa upya, bali ulifuatwa na nyongeza, mojawapo ikiwa ya Machi 2024, iliyopandisha fedha za miundombinu hadi dola bilioni 7 na kuacha mgawo wa hisa wa 68 kwa 32 ulivyokuwa.

Nafasi hiyo ya kuongeza mwishoni imewahi pia kutumiwa kuidanganya saini ya kidijitali, ambayo hulinda sehemu ya faili iliyokuwepo wakati wa kutia saini: mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr Bochum walionyesha kwamba programu 21 kati ya 22 za kompyuta za kusomea PDF zingeweza kulaghaiwa kwa mbinu hii au nyingine zinazofanana nayo. Faida ya kuongeza mwishoni ni kwamba mchunguzi huweza kuikata faili kwenye alama ya mwisho wa toleo la kwanza, akaifungua na kusoma kilichokuwepo kabla. Lakini programu nyingi, zikiagizwa kuhifadhi faili kwa jina jipya, huiandika yote upya na historia hiyo hupotea. Hapo husaidia muhtasari wa tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili nzima, ambao hubadilika hata nukta moja ikiguswa, mradi uwe umetangazwa siku ileile mkataba ulipotangazwa.