Karani wa kikao cha ukoo

Mokambo, Kongo (DRC), iko mpakani na Zambia. Msiba ukitokea, ndugu wengine huvuka kutoka Mufulira, na kikao cha ukoo hukaliwa siku nzima. Pembeni yupo karani mwenye daftari. Huandika alichoacha marehemu: nyumba, baisikeli, shamba la mihogo, hata deni la dukani.

Kwa desturi ya Walamba urithi hufuata upande wa mama, kwa hiyo wapwa wa marehemu hudai chao; lakini Sheria ya Familia ya Kongo, ya 1987, huwatanguliza watoto, na mjane huachiwa nyumba aishi humo. Karani haamui. Neno la hasira huliandika lilivyo, kisha huuliza: "Mama, niandike hivi?" Hapo wengi hulipunguza wenyewe. Mwisho husoma yote kwa Kiswahili, polepole. Asiyejua kuandika hutia dole gumba. Malipo? Pengine soda.