Pete ya Kompyuta na Mizani ya Muumini



Huenda unaye mwana au mpwa aliyeko masomoni Uingereza au Marekani, au hata papo hapo nyumbani kwako, ambaye jioni huinamia simu yake akibuni panga, fimbo na pete za ajabu, kila kimoja na nguvu zake. Ukimuuliza atakwambia anamtengenezea shujaa wake vifaa vya mchezo. Wazee wengi wakisikia neno "uchawi" hukata shauri papo hapo, na jambo likaishia kwa kelele. Mimi nimeona aula nikae na programu yenyewe, nitengeneze pete, kisha ndipo niseme niliyoyaona. Kuhukumu kitu usichokijua si katika adabu tulizofunzwa.

Mchezo wenyewe huitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Watu wanne au watano hukaa mezani. Mmoja wao ndiye msimamizi, naye husimulia kisa, na kila mmoja wa waliobaki huongoza shujaa wake ndani ya kisa hicho. Panapokuwa na shaka kama jambo litafaulu, hurushwa dadu lenye pande 20. Habari za shujaa, yaani nguvu zake, kinga yake na mali yake, huandikwa katika karatasi. Tangu mwaka 2017 karatasi hiyo yaweza kuandikwa katika programu iitwayo D&D Beyond, ambayo kampuni ya Hasbro iliinunua mwaka 2022 kwa dola milioni 146.3. Ndani ya programu hiyo mna mlango wa kutengeneza vifaa visivyomo vitabuni, na hapo ndipo penye maneno yangu leo.

Kwanza niliondoe njiani suala la dadu, maana najua msomaji wangu amekwisha kunikatiza. Hadithi ya nardashiri katika Sahihi ya Muslim yajulikana, na wengi katika wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wameharimisha michezo ya namna hiyo hata pasipo kamari, ijapokuwa Abu Is-haq al-Marwazi alisema ni makuruhu. Mwenye kushika kauli ya wengi amekwisha kuuaga mchezo huu kabla ya kufika kwenye pete. Lakini wako vijana wanaobuni vifaa tu kwa kupenda kubuni, wala hawarushi kitu. Nasema nao pia.

Je, pete hii ni sihri? Sihri iliyotajwa katika Sura ya Baqara, aya ya 102, ni jambo ambalo mtu hulijifunza kwa kukusudia, akaliitakidi, na likaleta madhara baina ya mtu na mkewe. Kijana anayejaza fomu katika simu hamwiti jini wala hangojei pete hiyo imfae kesho sokoni. Ajua ni tarakimu. Basi tusimwite mchawi. Na tukitaka kweli kuitafuta itikadi mbovu juu ya pete, tusiende mbali: yuko mzee anayemkemea mjukuu wake kwa pete ya simu, na mkononi mwake mwenyewe amefunga hirizi aliyoinunua kwa fedha nyingi, naye aamini kwa dhati kwamba ndiyo imwepushayo na mahasidi. Mjukuu ajua kwamba yake ni ya uwongo.

Ila liko jambo moja la adabu. Watungaji wa mchezo huu waliazima mengi kutoka kwetu: mna majini, maifriti na mamaridi, mna chupa ambayo ukiizibua hutoka ifriti, na mwaka 1992 walitoa ulimwengu mzima wa kisa ulioitwa Al-Qadim. Kijana Mwislamu anapotengeneza kifaa chake huvutwa na yaliyo karibu naye, akaandika "Pete ya Nabii Suleiman", au akatia aya katika maelezo ya upanga. Hilo asilifanye. Majina ya Mitume na maneno ya Mwenyezi Mungu hayawekwi pamoja na tarakimu za kuua zimwi.

Sasa nije kwenye pete yangu. Fomu yenyewe ni nyepesi. Waandika jina, wachagua daraja, yaani ni kifaa cha kawaida, nadra, nadra sana, au cha kusimuliwa vizazi na vizazi. Wasema kama mvaaji ni lazima afungamane nacho kwanza, na kanuni ni kwamba shujaa hafungamani na zaidi ya vifaa 3 kwa wakati mmoja. Kisha waandika maelezo. Niliandika kwamba pete yangu humwongezea mvaaji kinga kwa 1. Nikamvisha shujaa. Kinga yake haikusogea!

Nilistaajabu, mpaka nilipofahamu kwamba katika programu hii maelezo ni maneno tu. Ili hesabu ibadilike yakupasa ufungue sehemu nyingine, uchague aina ya nyongeza, kisha utie tarakimu. Basi kwa kujaribu nikatia 10. Maelezo bado yalisema 1, na daraja niliyoichagua ilikuwa ile ya chini. Programu haikuuliza neno. Ilijumlisha, ikaandika.

Pengine wewe usiyeujua mchezo waona 1 na 10 ni mamoja. Chukua askari aliyevaa deraya kamili ya chuma. Kinga yake ni 18. Adui mwenye nyongeza ya 7 katika shambulio lake yampasa apate 11 au zaidi katika dadu, yaani ana nafasi 10 katika 20. Mvishe askari huyo pete yangu, kinga iwe 28, na adui hampati ila dadu likiangukia 20 lenyewe, nafasi 1 katika 20. Wenzake mezani wanaumia na kuanguka, naye asimama tu kama mnara. Kisa kilichokuwa cha watu watano kimekuwa cha mtu mmoja. Na wenzake wakisoma maelezo ya pete wataona 1.

Msomaji, jambo hili lina jina katika dini yetu. Sura ya Mutaffifin yawakemea wapunjao katika vipimo, na wanavyuoni hawakusema kwamba kipimo ni cha nafaka peke yake. Kibandiko kinasema kilo, ndani ya gunia mna kitu kingine. Programu hii ni mwandishi mwaminifu kwa kila anayemwamrisha, mwema na mdanganyifu, wala haina mizani. Huo ndio upungufu wake mkubwa kwa maoni yangu, nao ni mkubwa kuliko lile neno "uchawi" linalotupigisha kelele.

Upungufu huo haukuwamo katika vitabu vya mchezo. Toleo la mwaka 2000 lilimtoza mtengenezaji wa kifaa kutoka katika uzoefu wake mwenyewe, sehemu 1 katika kila 25 ya thamani ya kifaa, hata atengenezaye sana akabaki nyuma ya wenzake. Kitabu cha msimamizi cha mwaka 2014 kilitoza wakati na mali: kifaa cha daraja ya kusimuliwa kiligharimu dinari 500,000 za dhahabu, na fundi mmoja hutimiza kazi ya dinari 25 kwa siku. Piga hesabu. Ni siku 20,000, zaidi ya miaka 54! Watu walicheka, wakasema nani ataishi kutengeneza upanga huo, na toleo la mwaka 2024 likapunguza hadi siku 250. Mimi sikucheka. Niliona humo kumbukumbu ya fundi wa kweli, seremala anayenakshi mlango mmoja miezi na miezi. Katika fomu ya simu kazi hiyo ni ya dakika chache, na unadra wa kifaa ni neno la kuchagua katika orodha.

Lakini insafu yataka niseme na lililo jema. Kijana anayetengeneza kifaa vizuri hujifunza kuweka mipaka: mara moja kwa siku, kwa mwenye sifa fulani tu, kwa kulipa kitu. Nami nilitengeneza cha pili, taa isiyowaka mpaka mwenyewe awe amempa mwenye njaa mkate wake wa siku ile. Hapo nikaona upungufu mwingine. Sharti langu halikupata pa kukaa ila katika maelezo, katika yale maneno matupu. Programu yajua kuongeza kinga kwa 10, lakini haijui kumtazama mtu kama ametoa mkate wake. Sharti hilo litalindwa na wale watu watano wenyewe, au halitalindwa.

Tena, kilichoandikwa humo si chako kama vile daftari lako lilivyo lako. Mwezi wa Agosti 2024 wenye programu walitangaza kwamba katika karatasi za mashujaa vifaa na maneno ya nguvu ya kanuni za zamani vitaondolewa na vya kanuni mpya kuwekwa mahali pake. Atakaye vya zamani avitengeneze upya kwa mkono wake katika fomu ile ile ninayoieleza. Watu walikuwa wamevinunua. Walipiga kelele, na baada ya siku chache tangazo likarudishwa nyuma. Kelele hizo zilikuwa na haki.

Basi mzazi, ukimkuta mwanao juu ya fomu hiyo, usimnyang'anye simu. Kaa naye, umwambie akuonyeshe sehemu mbili: ya maelezo, na ya nyongeza. Uzisome zote mbili. Zikilingana, mpongeze. Zisipolingana, muulize kama wenzake wanajua, na usikilize atakavyojibu.

Pete yangu nimeifuta. Taa nimeiacha, katika sehemu ya nyongeza haina tarakimu hata moja, na msimamizi atakayeipokea itambidi asome maelezo yote.