Inkosi si Chifu: Mtawala na Baraza Lake katika Riwaya ya A.C. Jordan

Mfasiri wa fasihi ya Kixhosa hukwama penye neno moja dogo: inkosi. Neno lililo karibu ni "chifu", na wengi hulitwaa bila kusita. Lakini nchini Kenya chifu ni mtumishi wa serikali, mwenye cheo kilichopata umbo lake katika sheria ya kikoloni ya mwaka 1902. Hana ukoo unaomrithisha kiti wala mizimu anayopaswa kuitii. ("Mtemi" lingefaa zaidi, ingawa nalo lina nchi yake.) Msomaji akimtazama kwa jicho hilo Zwelinzima wa Ingqumbo Yeminyanya, riwaya iliyotolewa mwaka 1940, atakuwa anasoma kitabu kingine.

Kisa chenyewe kinafahamika. Zwelinzima, mrithi wa kiti cha Wampondomise, anafichwa tangu utotoni ili asiuawe na Dingindawo, mdogo wa baba yake. Anakua ugenini, anasoma, kisha anaitwa kutawala. Baba yake aliacha usia kwamba aoe binti wa kifalme wa Wabhaca. Yeye anamwoa Thembeka, msomi mwenziwe. Thembeka anamwona nyoka karibu na mtoto wake, anamuua. Nyoka huyo ni Majola, ambaye kwa Wampondomise ni mzee wao ajaye kumbariki mtoto. Tangu hapo nchi inagawanyika, na mwisho mama na mtoto wanakufa maji, na Zwelinzima naye anajitosa.

Aghalabu wahakiki huyaita haya mgongano wa ukale na usasa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Katika riwaya wamo wasomi wanaoheshimu mila na wazee wanaoitaka elimu. Ni wazee hao hao waliomtafuta kijana msomi wakamrudisha kwao. Kinachomwangusha si kitabu alichosoma, bali ni kutojua kwamba kauli ya inkosi huanza vinywani mwa wengine. Washauri wake huitwa amaphakathi, neno litokanalo na phakathi, ambalo ni ndugu wa "kati" ya Kiswahili: ni watu wa ndani, walio kati. Ndoa ya mtawala, kwao, ni shauri la nchi. Zwelinzima analitenda kama shauri la moyo, kisha anashangaa kwamba nchi nzima inadai kuulizwa.

Tofauti inadhihirika akiwekwa kando ya Hintsa wa S.E.K. Mqhayi katika Ityala Lamawele (1914). Mapacha wawili wanagombea ukubwa: mmoja alitangulia kutoa mkono, akakatwa pingili ya kidole, lakini mwenziwe ndiye aliyezaliwa kwanza. Hintsa hakurupuki kuamua. Wakunga wanaitwa, wazee wanahojiwa, na mfalme anasikiliza kurasa nyingi kabla ya kunena. Mqhayi alikusudia kuonyesha kwamba sheria ilikuwako kabla ya hakimu Mwingereza, na alimchagua kwa makini mtawala wa kuionyesha: Hintsa wa historia aliuawa na askari wa Kiingereza mwaka 1835.

Ubora wa Jordan ni kwamba hampi Zwelinzima Hintsa wa kumwigiza. Kijana huyu hakulelewa uwanjani pa baraza. Usalama uliomwokoa ndio uliomnyima malezi ya kiti. Hapo ndipo penye uchungu wa riwaya, kuliko hata penye nyoka.

Dosari ipo. Dingindawo amechorwa mwovu mno, naye hupewa lawama ambazo baraza zima lilistahili kugawana. Kila fitina inapomrudia yeye, msomaji anasahau kuuliza kwa nini wazee waliomleta Zwelinzima hawakumfunza kazi yake kabla ya kumkabidhi nchi, ilhali riwaya yenyewe imekwisha kulipanda swali hilo.