Filamu "Virunga": gorila anajulikana dunia nzima, na mvuvi wa Vitshumbi je?

Wengi wetu tumeshaangalia "Virunga", ile filamu ya Orlando von Einsiedel iliyotoka 2014. Wengine waliiona kwa simu, vipande vipande, juu mega ziko bei kali. Ni filamu nzuri, sipingi. Lakini kuko swali moja ambalo tunaliruka kila mara tunapoisifu: petroli ilitafutwa ndani ya maji ya nani?

Tuipe kwanza haki yake. Mkataba wa Bloki V ulisainiwa, na kibali cha rais kilifuata 2010. Bloki ile iliingia ndani ya parke ya Virunga, urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1979, pamoja na Ziwa Edouard. SOCO International, sosiete ya Uingereza, njo iliongoza utafutaji. Filamu inamfuata Rodrigue Katembo, mkubwa wa walinzi wa parke, akirekodi kwa siri watu wakimzungumzia mambo ya pesa. SOCO ilikana kuhusika na rushwa. Bila kazi ile, dunia isingegeuza macho upande wetu. Katembo alistahili tuzo la Goldman alilopewa 2017.

Sasa tukosoe. Sura inayobaki kichwani ni ya gorila mayatima wanaolelewa Rumangabo. Lakini gorila wa mlimani wanaishi kwenye miteremko ya volkano, kusini, mbali na ziwa. Ile kazi ya SOCO ilikuwa juu ya maji. Kabla gorila hajaguswa, wa kwanza kuguswa ni watu wa Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge, ambao ziwa njo shamba lao. Filamu iliwaombea huruma wanyama, na ikafanikiwa. Wavuvi walibaki pembeni ya hadithi yao wenyewe.

Angalia vile utafutaji wa petroli ndani ya maji unafanyika. Chombo kinapita kikipiga hewa kwa nguvu, sauti inashuka mpaka kwenye miamba chini, vipokezi vinachukua mwangwi. Kisima hakijachimbwa bado, na watu wengi wanasema basi hakuna madhara. Lakini wakati ule mitumbwi inapaswa kukaa mbali na nyavu zitolewe njiani. Siku bila kutega ni siku bila samaki, na bila samaki hakuna minerval ya mtoto. Nani alihesabu nyavu mbele ya kazi kuanza? Mvuvi akipoteza wavu, analalamika wapi? Na kama wanajeshi njo wanasindikiza watafutaji, nani ataenda kulalamika akiwa huru? Human Rights Watch, Juni 2014, iliomba vitisho na mashambulizi dhidi ya wapinzani wa mradi vichunguzwe. Mtu anaitika "ndiyo" mbele ya bunduki, halafu rapoti inaandika kwamba jamii imekubali. Ile si kukubali.

Tarehe 11 Juni 2014, SOCO na WWF walitoa tangazo la pamoja. Tulishangilia wote. Lakini soma vizuri. SOCO ilisema haitachimba ndani ya Virunga isipokuwa UNESCO na serikali ya Kongo wakubaliane kwamba kuchimba hakupingani na hadhi ya urithi wa dunia. Na uchunguzi uliokuwa unaendelea ziwani ungemalizwa kwanza. Kwa hiyo ufunguo ulibaki mikononi mwa wawili: Paris na Kinshasa. Mvuvi hakupewa ufunguo wowote. Ushindi ulikuwa wa parke. Haki za watu zilikuwa dosie ingine, na dosie ile haikufunguliwa.

Kuko wale watasema: wavuvi wengine walitaka petroli, juu ya kazi. Ni kweli, na pia parke yenyewe inawawekea masharti makali ya kuvua. Njo sababu hawapaswi kusemewa na mtu yeyote, si sosiete, si parke, si filamu. Anayetaka na asiyetaka wote wana haki ya kuulizwa mapema, kwa lugha yao, wakiwa na habari kamili.

Hii si ndoto ya wanaharakati. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2011 kuhusu biashara na haki za binadamu zinasema mambo matatu: Leta inalinda haki, kampuni inaziheshimu, na aliyeumizwa anapata njia ya kurekebishiwa. Katiba yetu, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya 2011 ya mazingira inadai uchunguzi wa madhara mbele ya mradi. Karatasi ziko. Kinachokosekana ni mtu wa kuzisoma mbele ya chifu, mbele ya wavuvi, mbele ya administrateri.

Na hapo njo nafasi yetu, sisi wenye diploma tunaolia kazi hakuna. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza zabuni ya bloki 27 za petroli, zingine zikigusa Virunga. Zabuni ilifutwa Oktoba 2024. Kufutwa si mwisho, petroli kama iko chini bado iko. Siku ingine itatangazwa tena, na wataleta tena karatasi nene za Kifaransa. Mwanasheria, mtu wa mazingira, mwalimu wa lugha: kila mmoja anaweza kukaa Vitshumbi wiki mbili, ahesabu mitumbwi na nyavu, aandike bei ya samaki, atafsiri kifungu kwa kifungu. Hesabu ile ikiwepo mbele ya chombo cha kwanza kufika, hakuna atakayesema kesho kwamba wavuvi hawakupoteza kitu.

Basi angalieni tena ile filamu. Ila safari hii, wakati ziwa linaonekana, simamisheni kidogo na muangalie nani yuko ndani ya mtumbwi.