Ufundi wa Ibada ya Alfajiri

Ibada ya kila siku, yaani desturi ya Mkristo kusoma fungu fupi la Maandiko, kulitafakari na kuomba kabla ya shughuli za siku kuanza, huhesabiwa na wengi kuwa wajibu wa dini tu, lakini namna inavyotekelezwa katika vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, inastahili kuitwa ufundi. Ina vifaa vyake na hatua zake, mkubwa humrithisha mdogo, na ubora wake hupimwa kwa kazi inayotoka mkononi mwa fundi. Kazi yenyewe ni kumwezesha mtu kuitambua baraka ya Mungu mahali ambapo jicho lisilozoezwa huona siku kama siku nyingine.

Mahali pa kazi hiyo si pepesi. Familia nyingi hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya Kiswahili, ile yenye vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, na ua wa nyuma ambako wapangaji wote hupikia na kuoga, na pale pasipo na dari neno linalosemwa chumba hiki husikika chumba cha pili. Anayetaka kuwahi daladala ya Kariakoo huwa macho saa kumi na moja alfajiri, wakati ambao adhana nayo inawaamsha Waislamu wanaoishi chini ya paa lilelile. Kwa hiyo Mkristo wa huko hujifunza kuimba kwa sauti ya chini, kuomba kwa maneno machache na kumwacha mtoto wa jirani amalize usingizi wake, na adabu hiyo haiipunguzii ibada kitu, bali ni sehemu yake. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo Walutheri hadi leo huitumia kuwaandaa vijana kwa kipaimara, yaani ibada ya kuithibitisha imani ya ubatizo, alipoeleza ombi la riziki katika Sala ya Bwana hakuishia kwenye chakula na mavazi, bali aliwataja pia majirani wema. Aliyeliweka fundisho hilo moyoni hawezi kuomba riziki kwa kelele za kumnyima jirani usingizi.

Luther huyohuyo ndiye aliyeandika mwongozo bora wa ufundi huu. Mwaka 1535 alimtungia kinyozi wake, aliyeitwa Peter, kijitabu cha kumfundisha kuomba, akamkumbusha kwamba kinyozi hodari huelekeza akili yote kwenye wembe na nywele, kwa maana akiropoka huku macho yakitangatanga anaweza kumkata mteja pua au hata koo, na moyo unaoomba hudai uangalifu uleule. Kisha akampa mbinu ya kulisokota fungu la Maandiko kuwa shada la nyuzi nne: fundisho, shukrani, ungamo na ombi. Mpangilio huo una hekima kubwa, kwa kuwa ombi, ambalo watu wengi huanza nalo, limewekwa mwisho, baada ya mwombaji kwisha kujua amepewa nini na amekosea wapi.

Ubora wa mbinu hiyo huonekana inapotumiwa kwenye habari ya mana katika Kutoka sura ya 16, ambapo Waisraeli waliokuwa jangwani waliagizwa kuokota chakula cha siku moja tu, isipokuwa siku ya sita, walipookota cha siku mbili kwa ajili ya Sabato. Wafafanuzi wameandika mengi kuhusu sura hii, lakini ni vigumu kumpata mfafanuzi anayeizidi nyumba inayoishi kwa kipato cha kutwa: mama lishe ambaye mauzo ya leo ndiyo mtaji wa kesho, dereva wa bodaboda anayepaswa kupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila jioni, au mnunuzi wa mafuta ya kupima na unga wa nusu kilo. Katika uzi wa fundisho, watu hawa husoma kwamba Mungu aliwalisha watu wake siku baada ya siku, na kwamba kupokea kidogokidogo si dalili ya kusahauliwa. Katika shukrani hutaja vitu kwa majina: homa ya mtoto iliyoshuka usiku, mteja aliyelipa deni, mvua iliyopita bila maji kuingia ndani. Ungamo ndio uzi mgumu kuliko yote, kwa sababu sura hiyo inasema mana iliyofichwa hadi asubuhi ilioza, na mwenye genge aliyempunja mtu kwenye mizani jana hana budi kulitaja jambo hilo kabla hajaomba wateja wa leo. Ombi likifika baada ya hayo huwa fupi na la kweli.

Hapa ndipo ibada ya kila siku inapotofautiana na mafundisho yanayoihesabu baraka kwa gari, kiwanja na safari za ng'ambo, na kuahidi kuiharakisha kwa chupa ya mafuta ya upako, yaani mafuta yaliyoombewa. Mafundisho hayo humwumiza maskini mara mbili, kwa kuwa humtoza fedha na kisha humwaminisha kwamba umaskini wake ni ushahidi wa kukataliwa na Mungu. Biblia haisemi hivyo. Ni kweli kwamba Ibrahimu alikuwa na mifugo na fedha, lakini wito wake katika Mwanzo 12 ulikuwa awe baraka kwa wengine, na Yakobo, aliyeng'ang'ania kubarikiwa katika usiku ule wa kivuko cha Yaboki, aliondoka pale asubuhi akichechemea. Mtu anayesoma Maandiko siku moja moja, kwa mfululizo, bila kuchagua yale matamu tu, lazima atakutana na Yakobo huyo mwenye kuchechemea, na hapo atajifunza kwamba baraka na maumivu vinaweza kukaa katika mwili mmoja.

Wamoravian wamelilinda jambo hilo la kutojichagulia kwa njia ya pekee. Mwaka 1728, huko Herrnhut nchini Ujerumani, jumuiya yao ilianza kupewa neno moja la kulishika kila siku, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamekuwa yakichapishwa katika kitabu cha mwaka mzima. Hadi leo aya za Agano la Kale huchaguliwa kwa kura, kisha hutafutwa aya ya Agano Jipya inayokwenda nazo. Wamisionari wa kanisa hilo walifika Rungwe mwaka 1891, na leo Wamoravian wa Dar es Salaam ni miongoni mwa warithi wa kazi yao. Faida ya kura hiyo ni kwamba msomaji hupokea neno ambalo hakulitafuta, kama anavyoipokea siku yenyewe.

Ufundi huu haumalizikii chumbani. Wakatoliki wana Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya familia jirani ambavyo maaskofu wa Afrika Mashariki walivipa uzito mkubwa katika miaka ya 1970, na Walutheri wana ibada za nyumba kwa nyumba. Huko anayeshukuru kwa afya hukaa mkeka mmoja na anayeuguza, na aliyepata hupita kwa aliyekosa akiwa na kilo ya sukari, na hivyo baraka aliyoitambua alfajiri huwa na mahali pa kwenda.

Urithi huu unahitaji warithi. Simu imekuwa kitu cha kwanza kushikwa asubuhi, foleni za barabarani zimezidi kuirudisha nyuma saa ya kuamka, na watoto wengi wanalijua kanisa la Jumapili bila kuijua sala ya nyumbani kwao. Kazi hii haiwezi kuachiwa wachungaji na makatekista peke yao, kwa sababu ufundi hujifunzwa kwa kumtazama fundi akifanya kazi. Basi wazazi na walezi wa Temeke na Kinondoni wawaamshe watoto wao robo saa kabla ya safari ya shule, wawasomee aya chache, na wawaache wataje wenyewe, kwa majina, mambo ya jana yaliyostahili shukrani.