Magofu Yasiyo na Wenyewe

Ndugu msomaji, kabla sijaanza uhakiki huu naomba nikiri kosa langu, maana anayehakiki wenzake huku lake kalificha uvunguni hafai kusikilizwa. Nimeandika riwaya. Iko katika kauntabuku nne, kwa mkono, na inahusu dola kongwe iliyopotea. Waliojenga dola hiyo niliwafanya watu warefu, wenye macho ya kijivu, waliotoka ng'ambo ya bahari, wakajenga miji ya mawe bondeni, kisha wakatoweka usiku mmoja. Waliobaki pale bondeni, wakulima na wafugaji, hawakujua lolote. Walikuwa wakiyapita tu yale mawe na ng'ombe wao. Niliona nimetunga jambo jipya kabisa. Kumbe wapi!

Aliyenizindua si profesa. Ni mshikaji wangu mmoja, fundi baiskeli, mtu wa Mto wa Mbu, anayekuja kucheza nasi kila Jumapili chumbani kwangu hapa Ngarenaro. Huo mchezo inabidi niueleze kidogo, maana wengi hawaujui. Unaitwa Dungeons & Dragons. Walioutunga ni Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitoka mwaka 1974. Hauna ubao kama bao wala drafti, na hauna mshindi. Mtu mmoja anakuwa msimulizi, yeye ndiye anayeijua dunia yote ya hadithi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, askari, mwizi, mganga, na ndiye anayeamua mhusika huyo afanye nini. Penye mashaka, mathalani kuruka shimo au kupigana na joka, dadu ya pande ishirini ndiyo hukata shauri. Sisi dadu hiyo hatuna. Tumeandika namba 1 mpaka 20 kwenye vikaratasi, tukavitia katika kopo la maziwa ya unga, tunachomoa. Kanuni za msingi tulizipata bure kwenye intaneti. Hadithi moja inayokwenda wiki hadi wiki wenyewe huiita kampeni, ila hii haina khanga wala kofia za bure.

Basi mimi ndiye msimulizi, nikaingiza humo dola yangu ya kwenye kauntabuku. Nikawashusha wenzangu katika handaki, wakakuta mfereji wa mawe uliojengwa kwa ustadi mkubwa. Nikasema kwa sauti nzito kwamba hakuna ajuaye ni nani aliyeujenga. Fundi akaweka kopo chini.

"We bwana, si mfereji wa Engaruka huu?"

Nikamwambia ndiyo, nimechukua kidogo huko.

"Sasa mtu akichimba mfereji si anataka kumwagilia shamba? Basi alikuwa mkulima, kama mzee wangu anayegombea zamu ya maji kule nyumbani. Mbona wewe umempa macho ya kijivu?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilichoka! Sikuwa na jibu. Jibu langu ni uhakiki huu, na umechelewa miezi minne.

Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui. Nianze na fani. Kwa nini michezo hii karibu yote inahitaji dola iliyokufa? Sababu ni za kiufundi kabisa, wala si za aibu. Wachezaji wanataka kushuka mahandakini, basi lazima awepo aliyeyachimba. Wanataka hazina, basi lazima awepo aliyeiacha. Wanataka upanga ambao hakuna mhunzi wa leo anayeweza kuufua, basi lazima zamani watu wawe walijua zaidi ya leo. Na mwenye mali awe amekufa, tena asiwe na warithi, la sivyo shujaa wetu anageuka mwizi. Hapo ndipo pana siri ya kazi nzima. Wenyewe wakiwa hawapo tena, kuchukua kunakuwa halali.

Mfano maarufu ni Netheril, katika dunia ya Forgotten Realms aliyoianzisha Mkanada Ed Greenwood. Mwaka 1996 kampuni ya mchezo ilitoa kasha zima la vitabu kuhusu dola hiyo. Wachawi wa Netheril walikata vilele vya milima, wakavipindua, wakajenga miji juu yake ikaelea angani. Mchawi mmoja, Karsus, akataka kukinyakua cheo cha mungu wa uchawi. Uchawi ukakatika dunia nzima kwa muda, na miji ikaporomoka. Kwa fani, nasema ni kazi safi. Sababu ya anguko inatoka katika tabia ya dola yenyewe: waliopanda kwa uchawi wameshuka kwa uchawi. Tena inajibu maswali ya mchezaji, kwamba mabaki yametoka wapi na kwa nini uchawi wa leo una mipaka.

Kwa maudhui ndipo ninapogomba. Wapo katika Netheril watu wa chini, waliolima na kuwalisha wale wa juu. Ila hadithi ikifika kwenye anguko, macho yote yako kwa Karsus. Mji mzima ukiporomoka juu ya shamba la mtu, mwandishi bora angalau angeliangalia lile shamba. Nchi inayoelea angani sisi tunayo tangu 1951, ni Kusadikika ya Shaaban Robert. Lakini soma uone: nchi iko hewani, ila mahakama yake, waziri wake Majivuno na mshtakiwa wake Karama unawajua, umeshakutana nao ardhini. Shaaban Robert aliipandisha nchi juu ili tuione vizuri zaidi. Wale wa Netheril wameipandisha ili ianguke.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. M.A.R. Barker alikuwa profesa wa lugha za Asia ya Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Mwaka 1975 alitoa mchezo uitwao Empire of the Petal Throne, kuhusu dunia yake ya Tékumel, ambayo alikuwa ameianza tangu utotoni. Hakuna ngome za Kiingereza mle. Aliunda lugha nzima yenye sarufi yake, Kitsolyáni, akaunda koo, adabu za kusalimiana, miungu. Na kwa tatizo letu la mahandaki alileta jibu ambalo sijaona linaloshinda. Watu wa kule wana mila iitwayo ditlána: kila baada ya miaka kama mia tano mji hufukiwa na mwingine hujengwa juu yake. Basi mahandaki ni mitaa ya mababu. Aliye juu na aliye chini ni ukoo mmoja. Ukishuka kuiba, unamwibia babu ya mtu, na huenda mjukuu ana kisu.

Nilipoisoma habari hiyo nilitaka kupiga vigelegele. Halafu nikasoma nyingine. Barker alifariki mwaka 2012. Mwaka 2022 taasisi inayotunza kazi zake ilithibitisha kwamba ndiye aliyeandika Serpent's Walk, riwaya ya kuusifu Unazi, iliyotoka 1991 kwa jina la bandia. Nikabaki mdomo wazi. Mtu aliyejua lugha za wengine vile, na dunia aliyoibuni haikumweka Mzungu kitini! Wapo wanaosema itupwe Tékumel yote, wapo wanaosema kazi si mtu. Mimi ditlána sitaitupa, maana wazo jema haliozi kwa kuwa limelala kwenye nyumba mbaya. Ila nimejifunza jambo moja ambalo sisi waandishi chipukizi tunalisahau tukianza kuchora ramani na kubuni alfabeti: kujua sana mambo ya watu si sawa na kuwaheshimu watu. Mtu aweza kuzijua adabu zako zote, kisha akatamani usiwepo.

Sasa turudi kwenye yale macho ya kijivu. Niliyatoa wapi? Nimejipekua kweli kweli. Dola inayotoweka usiku mmoja ni ya Plato, Mgiriki, aliyeizamisha Atlantis yake kwa mchana mmoja na usiku mmoja katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Lakini ile ya wageni weupe waliojenga na wenyeji weusi wasiojua imetoka karibu zaidi na nyumbani. Mwingereza Rider Haggard aliishi Afrika Kusini akiwa kijana, akarudi kwao, akatoa King Solomon's Mines mwaka 1885 na She mwaka 1887. Katika She kuna mji mkubwa uliokufa, Kôr, bara kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Waliojenga wamekwisha kwa tauni. Wanaoishi leo makaburini mwao ni washenzi, na anayewatawala ni mwanamke mweupe wa miaka elfu mbili. Akafuata Mmarekani Burroughs. Tarzan wake anakuta msituni Afrika mji wa Opar, koloni la Atlantis, umejaa dhahabu. Na Gygax, katika kitabu chake cha msimulizi cha mwaka 1979, alipoorodhesha waandishi waliomfunza, Burroughs alikuwemo. Njia ndiyo hiyo, imenyooka: Haggard, Burroughs, mchezo, kopo la maziwa, Ngarenaro.

Ungesema hizo ni hadithi tu, bwana. Lakini wakati uleule wasomi nao walikuwa wakicheza mchezo huohuo, ila bila dadu. Mwaka 1871 Mjerumani Karl Mauch alifika Great Zimbabwe, akachukua kipande cha mti wa mlangoni, akakilinganisha na penseli yake, akaamua kuwa ni mwerezi wa Lebanoni, kwa hiyo jengo ni la Malkia wa Sheba. Mti ulikuwa wa palepale! Mwaka 1905 MacIver, na mwaka 1929 Bi Gertrude Caton-Thompson, walichimba na kuonyesha kwamba waliojenga ni Waafrika wa pale. Hata hivyo serikali ya walowezi wa Rhodesia iliendelea kuwabana wanaakiolojia waliosema hivyo, mpaka mmoja wao, Peter Garlake, akaihama nchi mwaka 1970. Unaona uzito wake? Wenyewe wakiwa hawapo, kuchukua kunakuwa halali. Kanuni ya handaki ilikuwa kanuni ya ardhi.

Na hapa kwetu pia. Mwaka 1933 Huntingford aliandika kuhusu "ustaarabu wa Azania" nchini Kenya: taifa la kale lililoacha matuta, mashimo na kazi za mawe, kisha likatoweka. Baadaye John Sutton alichunguza yale mashimo ya nyanda za juu za magharibi, akakuta ni mazizi ya ng'ombe ya Wasirikwa. Mazizi! Dola nzima ilijengwa juu ya zizi kwa sababu hakuna aliyetaka kuamini kwamba mfugaji anaweza kuchimba.

Engaruka nayo haikosi wenyewe. Pale chini ya ukingo wa Bonde la Ufa wakulima waliyashika maji ya vijito vinavyoteremka kutoka nyanda za Ngorongoro, wakayagawa kwa mifereji katika mashamba yaliyopangwa kwa mistari ya mawe, eneo la hekta kama 2,000, wakaliacha kama karne ya 18. Si mbali sana na hapo Wasonjo wanamwagilia kwa mifereji mpaka leo, na wana sheria za nani apate maji na lini. Mimi nilikuwa na haya yote saa chache kwa basi, nikaenda kukopa kwa Haggard.

Labda mtasema: basi tusiandike magofu? La hasha. Magofu ni utamu, na Kiswahili kiliyaimba kabla Haggard hajazaliwa. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika Al-Inkishafi anaingia katika majumba ya Pate yaliyokufa. Vidaka vilivyowekwa vyombo vya kifahari vimekuwa viota vya ndege, kumbi zinalia wadudu. Inatisha kuliko Kôr mara kumi. Na kwa nini inatisha? Kwa sababu anajua nani alikuwa akilala mle. Ni watu wake, anaambia moyo wake mwenyewe kwamba na wewe utakwenda huko. Haachi nafasi ya mtu kuingia na gunia.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Dola iliyopotea haipimwi kwa ukubwa wa miji yake wala kwa lugha iliyobuniwa. Ipimwe kwa maswali ya fundi baiskeli: nani alichimba, alikuwa anataka nini, na wajukuu wake wako wapi leo? Netheril inajibu la kwanza na la pili kwa wachawi, kwa wakulima haijibu. Tékumel inajibu yote matatu, mikononi mwa mtu ambaye nisingependa kumsogelea. Riwaya yangu haikujibu hata moja.

Jumapili iliyofuata tulirudi kwenye handaki lilelile. Safari hii ukutani kwenye mfereji niliweka alama zilizochongwa, mstari kwa kila ukoo, zamu za maji. Yule dada fundi cherehani, anayecheza mwizi, akahesabu mistari, akauliza ukoo wa mwisho kwenye zamu ulikuwa unapata maji saa ngapi. Nikasema usiku. Akasema basi walikuwa wanagombana. Tukakaa pale mpaka giza likaingia, hakuna aliyetaka kwenda kutafuta dhahabu.

Kauntabuku tatu nimezifunga kwa kamba na kuzitia chini ya kitanda. Ya nne ilikuwa na kurasa tupu kumi na saba mwishoni. Nimeanza hapo, kwa mtu wa zamu ya usiku anayeyasubiri maji yake.