Rapunzel na Gharama ya Usafi

Katika toleo la 1812 la ngano za ndugu Grimm, Rapunzel, msichana aliyefungiwa mnarani, anamwuliza mlezi wake kwa nini nguo zinambana. Ujauzito ndio unaofichua siri ya mwanamfalme. Kufikia toleo la 1857 Wilhelm Grimm amekwisha kulifuta swali hilo na kutanguliza ahadi ya ndoa. Sasa msichana anauliza kwa nini mlezi ni mzito kumvuta kuliko mwanamfalme. Hata hivyo, mapacha wangali wanazaliwa nyikani. Ni dhahiri, basi, kwamba usafishaji huu umeondoa sababu na kuacha tokeo. Aidha, umemgeuza mhusika asiyejua kuwa mpumbavu.

Melanie Dickerson, Mmarekani anayewaandikia vijana riwaya za mapenzi ya Kikristo, anafuata njia nyingine katika The Golden Braid (2015). Rapunzel wake ana kiu ya kusoma, na Gerek, askari mpanda farasi, anamfundisha. Mapenzi yao yanakomaa katika masomo hayo.

Kwa hiyo, mhakiki wa fasihi ya vijana asiishie kuuliza iwapo kazi ni safi. Aulize usafi huo umempa mhusika nini badala ya ulichomwondolea. Grimm alimpa mume. Dickerson amemwongezea kitabu.